Konsati kwenye jumba la sinema la zamani: kabla hujalipia siti, tafuta roshani

Mara yangu ya kwanza kwenda konsati kwenye jumba la sinema la zamani lililokarabatiwa, nilichukua siti ya chini, katikati, safu za nyuma. Kwenye ramani ilipendeza, na bei haikuniumiza. Taa zilipozimwa ndipo nikaelewa: roshani, ile ghorofa ya viti inayotokeza juu ya safu za nyuma, ilikuwa imenifunika kama kifuniko cha sufuria. Besi ilinitikisa mbavu, lakini maneno ya mwimbaji sikuyapata. Nyimbo nyingine nilizitambua kwa sababu tu watu wa mbele walikuwa wanaziimba.

Sasa silipi kabla ya kujua roshani inaanzia juu ya safu ya ngapi. Ukizama sana chini yake, sauti inayorudi kutoka dari kuu haikufikii, unabaki na mngurumo. Kaa mbele ya ukingo wake, au panda juu kabisa ukae safu za mwanzo za roshani yenyewe. Mimi napenda huko juu. Unamwona mpiga ngoma mzima, si kichwa tu.

Nilikwenda kulijaribu wazo hilo kwenye jumba la Kings Theatre, pale Flatbush Avenue, Brooklyn, New York. Lilifunguliwa 1929, wakati kampuni za filamu Marekani zikishindana kujenga majumba kama makasri. Likafungwa 1977, mvua ikavuja darini miaka na miaka, hadi lilipofunguliwa tena 2015 baada ya ukarabati wa dola milioni 95 hivi. Linachukua watu 3,000 hivi, na nikiwa juu nilisikia hadi mwimbaji anavuta pumzi kabla ya ubeti.

Fika mapema, saa nzima ukiweza. Tiketi umelipia muziki, lakini jengo nalo ni onyesho, na likishajaa watu hulioni tena. Tazama plasta ya dari, halafu inama utazame zulia; la Kings Theatre limefumwa upya kwa kufuata lile la zamani. (Mlinzi alinitazama vibaya nilipopiga magoti kuligusa. Sijali.)

Kama mwenzako ana magoti mabovu, roshani msahaulie. Ngazi zake ni kali na nafasi ya miguu ni finyu. Mchukulie siti ya kando ya njia, chini, mbele ya ukingo.

Na chooni nenda wimbo mmoja kabla ya mapumziko. Enzi za sinema watu waliingia na kutoka kwa zamu; kwenye konsati wote tunabanwa dakika ileile.