Musa Alikabidhi Kiti Kabla ya Kupanda Nebo

Mungu anamwambia Musa apande mlima wa Abarimu, ndiko kilipo kilele cha Nebo, aitazame nchi, kisha afe. Jibu la Musa liko Hesabu 27: anaomba apatikane mtu wa kuwasimamia watu, wasije wakawa kama kondoo wasio na mchungaji. Kwa yeyote aliye kwenye uongozi kanisani, hata ule mdogo wa kwaya, naona sura hiyo isomwe kabla ya ile ya kifo chenyewe, Kumbukumbu 34.

Mimi nimewahi kuwa mwenyekiti wa kwaya ya usharika wetu. Kiti nilikipokea kwa mzee mmoja wa sauti ya besi, na baadaye nikakikabidhi kwa kijana niliyekuwa naye kwenye kamati. Ninayoyasema nimeyaona huko.

Kabidhi ungali hai, tena hadharani. Musa alimsimamisha Yoshua, mrithi aliyechaguliwa na Mungu, mbele ya Eleazari kuhani na mkutano wote, akamwekea mikono. Hakumnong'oneza hemani. Mzee wetu alinisimamisha baada ya ibada, akakabidhi daftari la mapato, muhuri na funguo za stoo ya vyombo watu wote wakiona. Wiki hiyohiyo tukaenda benki na muhtasari wa kikao kubadili watia saini. Najua kikundi kingine ambacho mwenyekiti alifariki akiwa ndiye anayeshika kila kitu. Msiba ukaisha, hela zikabaki zimekwama, na wajane waliochangia wakaanza kuulizana maswali ambayo marehemu hakustahili.

Ila funguo ni rahisi kutoa. Kigumu ni kile Mungu alichomwagiza Musa: aweke juu ya Yoshua sehemu ya heshima yake, ili watu wamtii. Hapa wengi tunakwama. Mtu anaachia kiti, lakini simu bado zinapigwa kwake, naye anazipokea kwa furaha! Mzee wetu alihamia mstari wa nyuma kabisa. Siku dada wa soprano walipomfuata kulalamikia rangi ya sare mpya, aliwajibu, "Mwenyekiti yule pale, mwambieni," akaendelea kufungua kitabu chake cha nyimbo. Na nilipotaka tuuze kinanda cha zamani, jambo asilolipenda, alinieleza nyumbani kwake, si mazoezini. Pale ndipo kwaya iliponikubali, si siku ile ya muhuri.

Kuhusu nani apewe, tazama kwamba Musa alikuwa na wana wawili, Gershomu na Eliezeri, na hakuna aliyepewa kiti. Yoshua alikuwa wa kabila la Efraimu. Alipigana na Waamaleki kule Refidimu, alipanda Sinai na bwana wake, na Musa alipotoka kwenye hema ya kukutania, yeye alibaki ndani. Basi usimtafute mwenye sauti nzuri tu. Mtafute anayebaki kupanga viti wenzake wakishaondoka. Tena asiwe malaika: Yoshua huyohuyo alitaka Eldadi na Medadi, watu wawili waliojazwa Roho kambini, wakatazwe kutabiri, Musa akamkanya. Mrithi hukanywa mapema, mwalimu wake akiwepo.

Kwa wewe unayepokea baada ya msiba: Israeli walimlilia Musa siku 30 katika nchi tambarare za Moabu, kisha kilio kikaisha. Yoshua akaambiwa wazi kwamba Musa amekufa, basi ainuke avuke Yordani. Lia, ndiyo. Lakini usiendeshe kila kikao kwa "marehemu angesema hivi." Kaburi la Musa halijulikani hadi leo, na mimi naona hiyo ilikuwa rehema kwa Yoshua, nadhani wazee wengine wangekuwa wanakwenda huko kumshtaki.

Linalonisumbua ni mwisho wa Yoshua mwenyewe. Aliwakusanya watu Shekemu, akafanya nao agano, akafa akiwa na miaka 110, na Biblia haitaji aliyewekewa mikono naye. Waamuzi 2 inasema kikainuka kizazi kisichomjua Bwana. Sisemi sababu ni hiyo moja. Ila mtu aliyekabidhiwa vizuri kuliko wote anaweza naye asimwandae mwingine. Kwa hiyo kama leo kiti ni chako, Jumapili hii mwite mmoja wa vijana wako, muhesabu naye sadaka ya kwaya, na umwachie yeye aandike daftari.