Toba Inayojirudia Kila Jumapili

Katika kukaa kwangu na watu kwenye maombi baada ya ibada, wanaonigusa zaidi ni wale wanaorudi. Dhambi ileile, machozi yaleyale, sala ileile ya toba, na Jumapili inayofuata wako mbele tena. Wengi wao waliiacha dhambi hiyo zamani. Wanachorudia ni toba, kwa kuwa moyoni hawajaamini kwamba Mungu aliwasikia.

Kama uko hapo, naomba nikushauri: itaje dhambi yako yenyewe. Usiishie kwenye "Bwana, mimi ni mwenye dhambi." Dada mmoja nilimwomba aandike kwa sentensi moja anachotubia. Akaandika, "Mimi ni mtu mbaya." Nikamwambia, "Hapo umejihukumu tu, dada yangu. Ulifanya nini?" Alikaa na kalamu muda mrefu. Mwishowe akaandika kwamba mama yake aliugua, naye akakataa kwenda kumwona kwa sababu walikuwa wamegombana. Akaifunika karatasi kwa kiganja. Katika sala zake zote hakuwa amewahi kulitamka hilo.

Daudi katika Zaburi ya 32 anasema aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Nafuu aliipata alipomjulisha Mungu dhambi yake. Na 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Sijaona mahali hapo panaposema tulie kiasi gani. Msamaha umesimama juu ya uaminifu wake na msalaba wa Mwanawe, kwa hiyo siku usiyohisi chochote umesamehewa sawasawa na siku ile uliyobubujikwa na machozi.

Huwa nawapeleka watu kwa Petro na Yuda. Tunasahau kwamba Yuda, aliyemsaliti Yesu, naye alijuta. Mathayo 27 inasema alivirudisha vipande 30 vya fedha na kukiri kuwa ameisaliti damu isiyo na hatia. Lakini majuto hayo aliyapeleka kwa wakuu wa makuhani, walewale waliomtumia, nao wakamwambia hayo hayawahusu. Akaondoka peke yake, akaenda kujinyonga. Petro, baada ya kumkana Yesu, alilia kwa uchungu, ila baadaye tunamkuta bado yuko na wenzake, na aliposikia kuwa aliyesimama ufukweni ni Bwana, alijitupa baharini kumfuata. Hakungoja aibu iishe kwanza. Nawe tafadhali usijitenge. Tafuta mtu mmoja mwenye kifua cha kutunza siri, umweleze. Ukianza kupata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii na umwone daktari. Kufanya hivyo si upungufu wa imani.

Kuna upande ambao mahubiri mengi huupita haraka. Ukimdhulumu mtu, kuungama kwa Mungu hakukuondolei deni lake. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Nenda, sema ulichofanya bila kuweka "lakini", rudisha kinachorudishika, wala usimdai msamaha papo hapo. Huenda akahitaji muda, na ana haki hiyo. Hata akikataa kabisa, Mungu hangoji idhini yake ili akusamehe. Yule dada mama yake alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo aliwaendea wadogo zake waliomuuguza, akawaambia ukweli. Kumbe miaka yote hiyo walidhani ni kazi iliyombana. Mmoja alikasirika sana, na mpaka leo hawajaelewana vizuri. Hata hivyo, hajutii kuwaambia.

Kumbukumbu itarudi tu, mara nyingi usiku. Ikirudi, usianze toba upya. Fungua 1 Yohana 3:20, panaposema kwamba hata mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Anajua hata yale uliyosahau kuyaungama. Mimi huwaambia watu waisome aya hiyo kwa sauti, wamshukuru Mungu kwa kulisamehe jambo lilelile walilokuwa wakililia, kisha walale.