Kazi moja, moduli mbili: saa ziandikwe wapi?

SWALI: Tunatengeneza mfumo wa shule. Kazi ndogo ya kuunganisha malipo ya simu tumeikadiria saa 40, na inahitajika kwenye moduli (sehemu ya mfumo) ya karo na ya sare. Niandike 40 kila upande au nigawe 20 kwa 20? Nikiwapa vijana wawili, si itaisha kwa saa 20? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Iandike mara moja, kwenye mstari wake yenyewe, chini ya jina la mtu mmoja, kisha karo na sare zote ziitegemee. Ukiirudia, mradi unavimba kwa saa 40 za hewa, ila hilo angalau utaligundua ukijumlisha. Kugawa ndiko kunakoumiza kimyakimya. Mwezi wa pili mteja anasema sare zisubiri mwakani. Unafuta moduli ya sare, saa 20 zinaondoka nayo, ratiba inaonekana imepungua, ilhali kijana wa malipo bado ana 40 zilezile mbele yake. Nimeshakaa kwenye vikao vya namna hiyo: bosi anauliza kwa nini karo imechelewa, na msanidi asiye na kosa ameinamia meza.

Hilo la vijana wawili naulizwa karibu kila wiki, na linanichosha kwa sababu kuna watu wanalifundisha kwa pesa. Kugawa saa kwa vichwa kunafaa kwenye kubeba matofali. Hapa mmoja anatuma ombi la malipo, mwenzake anapokea majibu ya muamala. Lazima wakubaliane namba ya mwanafunzi inaandikwaje, na mzazi akikatwa pesa huku mtandao umekatika, deni linasomekaje. Kila jozi ya watu ni njia moja ya kuwasiliana: watu 2 wana njia 1, watu 5 wana 10, watu 8 wana 28. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa, pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Hadi leo wapo wanaojiita washauri wanaouza majedwali yenye fomula ya kugawa saa kwa idadi ya watu, na timu changa zinaahidi tarehe kwa kuyategemea.

Kwenye ufuatiliaji, usipokee jibu la "imefika asilimia 90". Uliza zimebaki saa ngapi. Jumatatu zilibaki 12 na Jumatano bado ni 12? Kaa na kijana mfungue kumbukumbu za matukio ya seva pamoja. Mara nyingi majibu ya muamala hayafiki. Na kazi hiyo isihesabiwe imekwisha mpaka risiti ya majaribio itoke upande wa karo na upande wa sare.

Wengine mnaotaka kununua jedwali la namna hiyo, lijaribuni kwanza. Weka kazi moja inayotumikia moduli mbili, kisha futa moduli moja. Saa za kazi ile zikipungua hata moja, mrudishie mwenyewe.