Jibu: Ndege na wadudu kwenye mbaazi za uani

Pole ndugu yangu wa Mikindani. Umesema ndege wanafukua mbegu za mbaazi na zilizopona zinatobolewa maganda. Ndege ni kazi ndogo: tafuta wavu mkuukuu wa uvuvi, huko pwani haukosekani, uutandaze juu ya vijiti na kukandamiza kingo kwa mawe.

Shida yenyewe ni viwavi. Maua yakianza tu, pita kila asubuhi ukague. Ukiona ganda lina tundu la mviringo na kinyesi kibichi mdomoni, kiwavi yumo au ametoka sasa hivi. Mtafute, wape kuku. Kisha twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Jioni, nakusihi, kwa sababu jua huumaliza nguvu upesi na mchana nyuki wako kwenye maua. Rudia kila wiki, na kila mvua ikiuosha.

Kunguni wanaofyonza maganda wakung'utie alfajiri, wakiwa bado wazito, kwenye beseni la maji ya sabuni.

Zikikauka vuna mara moja. Bungua huanza kutaga mayai zikiwa bado mtini.