Biafra ilishindwa wapi hasa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kijiweni tumebishana sana kuhusu vita ya Biafra, lile eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, mmoja anasema kiongozi wake Ojukwu aliisha siku mji mkuu wake Enugu ulipotekwa, mwingine anasema ni ulipoanguka Umuahia, mji mkuu wa baadae. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yangu. Mi nasema hakuna. Enugu ilitekwa Oktoba 4, 1967, vita ina miezi mitatu tu, na jamaa wakahamisha serikali wakapigana zaidi ya miaka miwili mbele. Kilichowamaliza ni kukosa bahari. Bandari ya Bonny ilichukuliwa na jeshi la serikali ya Nigeria mapema kabisa Julai 1967, Oktoba hiyohiyo ya Enugu kamanda wa serikali Adekunle akashusha askari bandari ya Calabar, alafu Mei 1968 Port Harcourt nayo ikaenda, basi hapo huna bandari, huna mafuta ya kuuza, na njaa ikashika kweli, ndo zile picha za watoto dunia nzima iliziona. Wakabaki na Uli, kipande cha barabara kilichopanuliwa kikawa uwanja wa ndege, ndege zinatua usiku, taa zinawashwa kidogo rubani aone njia alafu giza tena maana mabomu yako juu. Mamilioni ya watu utawalisha hivyo mpaka lini?

Nafasi yao ya kushinda ilikuwa Agosti 1967. Walivuka mto Niger tarehe 9, wakauchukua mji wa Benin (sio nchi ya Benin) siku hiyohiyo, wakasogea mpaka Ore kwenye njia ya kwenda Lagos, wakakwama hapo wakarudishwa, na kamanda wao Banjo akapigwa risasi na wenzake kwa kosa la uhaini.

Sio kwamba hawakujua kupigana, aisee. Machi 31, 1968 pale Abagana waliuvizia msafara wa jeshi la serikali chini ya Murtala Muhammed uliokuwa unaelekea Onitsha, magari yamefuatana barabara moja, roketi ikapiga tenka la mafuta, moto ukatembea kwenye msafara mzima. Lakini Onitsha yenyewe ikabaki mikononi mwa serikali. Aprili 1969 wakaurudisha mji wa Owerri, na mwezi huohuo Umuahia ikaondoka, kwahiyo huyo wa Umuahia ana hoja kidogo, ila muulize kwanza silaha na chakula vilikuwa vinapita wapi.

Alafu Tanzania tuliitambua Biafra Aprili 13, 1968, nchi ya kwanza kufanya hivyo. Wiki tano baadae Port Harcourt ikatekwa.