Karudi kutoka vitani anataka turudiane, nimkubali?

"Shangazi, x wangu ni mwanajeshi. Tuliachana miaka 4 iliyopita baada ya kusaini kurudi vitani mara ya pili bila kuniambia, nilikuja kujua kupitia kwa dada yake. Sasa karudi, kanitafuta, analia, anasema kule mstari wa mbele alikuwa ananiwaza mimi tu na anataka tufunge ndoa ndani ya miezi miwili. Bado nampenda. Ila usingizi hapati, mlango ukijibamiza anaruka, na sijui kama nampenda au namhurumia." – Bado Nampenda

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika hapo kwenye dada yake nasimama, maana umepapita haraka haraka kama mtu anayempita mbwa mkali.

Kesi iko hapo. Vita haikuwaachanisha nyie, mliachana kwa sababu jambo la watu wawili liliamuliwa na mmoja. Mtu anaweza kurudi na nishani kifua kizima na bado akawa anadaiwa samahani. Na hiyo ndoa ya miezi miwili, amekuuliza au amekutangazia? Mi naona inafanana sana na ile saini.

Simsemi vibaya jamani. Huko mtu anashika kitu kimoja cha kumvusha usiku, na wewe ulikuwa hicho kitu, naamini kabisa hadanganyi. Shida ni kwamba aliyekuwa anamuwaza ni wewe wa miaka 4 nyuma, yule hanuni wala habishi, na wewe nawe unampenda aliyeondoka, huyu aliyerudi bado hujamjua. Wiki za mwanzo huwa tamu, utamu ukishuka ndo unakuta mwenzio kanyamaza, hataki watu wengi, kila mnapokaa lazima auone mlango.

Huko kuruka kusikutishe, sio wazimu. Vitani kushtuka haraka ndo kulikomuweka hai, sasa mwili wake bado haujapata habari kwamba mambo yameisha. Wengi hutulia taratibu, ila ikizidi mwezi, na jinamizi, na hasira, na anakwepa kila kinachomkumbusha, aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia hali hii waliiita mshtuko wa mabomu na kuna wanajeshi walioitwa waoga kwa sababu yake, ni mwaka 1980 tu madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili kwa jina la PTSD, yani jeraha kama majeraha mengine. Na lina tiba, kuna ya mazungumzo ambayo mara nyingi ni vikao kama 12, na vidonge vipo. Kwahiyo akikwambia "we ndo dawa yangu" usiyeyuke. Dawa anayo daktari, wewe ni mchumba, tena bado hujawa.

Akisinzia usimtikise, simama mbali kidogo umuite jina. Pombe iangalie, wengi wanaitumia kutafuta usingizi na inawaharibia zaidi. Akikupiga au kukutishia, hata mara moja, ondoka, uende sehemu salama, mambo ya vita yatazungumzwa na wengine.

Sasa hilo la huruma. Fanya hivi, mfikirie kapona kabisa, analala usiku kucha, anacheka na rafiki zake, hakutegemei hata kidogo. Huyo unamtaka? Kama moyo unaruka, ni mapenzi. Kama unaona kama umefukuzwa kazi, basi unajua.

Ukishajijibu usimkatalie wala usimkubalie, mwambie tarehe ya ndoa iwekwe pembeni kwanza, muanze kama watu waliokutana juzi, mtembee, muongee, akuone ukiwa umenuna. Na siku moja akiwa ametulia muulize, "kwanini hukuniambia kabla ya kusaini?" Halafu nyamaza, usimsaidie kujibu. Ukipata jibu niandikie, hata kama ni ukimya.

Shangazi