Chumba cha mita 3 kwa kifaa cha kilohezi 125: kabla hujalipia kipimo

Mkuu, swali lako ni kwamba una kisoma kadi cha kilohezi 125, unataka kipimwe mawimbi kinayotoa, umepata maabara yenye chumba cha mita 3 (ndio umbali kati ya kifaa na antena) kilichojaa vigae vya feraiti vya kumeza mawimbi, wamekuonesha cheti cha chumba, na unataka kujua kama matokeo yao yatakubalika. Mimi nasema usilipe mpaka wakuoneshe chumba hicho kimekaguliwaje chini ya megahezi 30. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na suala hili lilinipotezea wiki tatu, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa kirefu.

Cheti walichokuonesha karibu hakika kinaanzia megahezi 30 kwenda juu. Huko wanaweka antena mbili, wanapima mawimbi yanavyopungua kati yake, kisha wanalinganisha na hesabu ya uwanja wa wazi usio na kasoro. Tofauti isizidi desibeli 4 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu za mawimbi). Kipimo hicho nakiheshimu, ila kwa kifaa chako hakisemi lolote. Feraiti inameza mawimbi vizuri kuanzia makumi ya megahezi. Kwenye kilohezi 125 vigae hivyo havimezi kitu, na unachobaki nacho ni sanduku la chuma.

Sasa angalia ukubwa wa mambo. Wimbi la kilohezi 125 lina urefu wa mita 2,400. Gawanya kwa mara mbili ya pai, unapata kama mita 380, na ndani ya umbali huo bado uko kwenye uga wa karibu, yaani eneo ambalo uga wa sumaku bado haujawa wimbi linalosafiri. Ukiweka antena ya kitanzi mita 3 kutoka kwenye kisoma kadi, hakuna wimbi linalosafiri unalolipima. Umetengeneza transfoma ya koili mbili zilizoachana, na kila kipande cha chuma kilicho karibu kinajiunga nayo: sakafu, kuta, mlango, nondo za zege. Uga ukipita kwenye chuma unazaa mkondo, na mkondo ule unarudisha uga wake mwenyewe kwenye antena yako.

Hapa ndipo mimi nilipoumia. Tulikuwa na chaja isiyotumia waya, ile ya kulaza simu juu yake. Tuliipima kwenye chumba kikubwa cha mita 10 chenye sakafu ya chuma, ikapita kwa raha. Mteja akaipeleka uwanja wa wazi kwingine, ikaanguka vibaya. Tukabadilisha kapasita, tukabadilisha kebo, tukatuma antena ikakaguliwe upya. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe nikatengeneza kitanzi kidogo cha kutoa mawimbi kinachotumia betri, nikakipima chumbani, kisha nikakipeleka kwenye uwanja wa nyasi, umbali uleule na kimo kilekile. Kitanzi kikiwa kimelala, chumba kilionesha kidogo mno. Kikiwa kimesimama, kilionesha zaidi ya uwanjani. Kumbe chaja yetu ilikuwa vilevile siku zote. Tatizo lilikuwa chini ya miguu yetu.

Ukikaa na kalamu utaona sababu. Sakafu ya chuma inafanya kama kioo. Koili iliyolala ina taswira yake chini ya sakafu inayovuta kinyume, na iliyosimama ina taswira inayosaidia. Chukua koili mbili zilizolala, zote kimo cha mita 1, zikiwa zimeachana mita 10: taswira inafuta zaidi ya asilimia 80 ya uga, karibu desibeli 16 zimepotea. Zisimamishe ubavu kwa ubavu, sakafu inakuongezea karibu desibeli 6. Kwenye mita 3 hali ni nafuu: koili zilizolala haziguswi sana, lakini zilizosimama bado zinapata nyongeza ya kati ya desibeli 2 na 4. Na hiyo ni sakafu peke yake, kuta sijazigusa.

Ndiyo maana kwa masafa haya napendelea uwanja wa wazi usio na sakafu ya chuma. Udongo wa kawaida hausumbui kama chuma. Udongo wenye upitishaji wa simensi 0.01 kwa mita huuachia uga wa kilohezi 125 uzame kama mita 14 kabla haujadhoofika sana. Kinachosumbua ni vilivyofukiwa: mabomba, nyaya za umeme, zege lenye nondo. Uzio wa waya nao uwe mbali. Tembea uwanja mzima na ramani ya mabomba mkononi kabla ya kufunga chochote.

Shida ya uwanja ni kelele. Redio za masafa ya kati, taa za LED, vigeuza umeme vya sola, hata chaja ya kompyuta yako mwenyewe. Endesha kipokezi kwa betri ukiweza, weka upana wa masafa ambayo kipokezi kinasikia kwa wakati mmoja uwe hezi 200 kuanzia kilohezi 9 hadi 150, na hakikisha kelele ya mazingira iko chini ya kikomo kwa desibeli 6 au zaidi. Kama kikuza mawimbi cha antena kinalemewa na kituo cha redio kilicho jirani, utaona vilele ambavyo havipo. Weka kipunguza nguvu cha desibeli 10 kabla ya kikuza hicho: kilele cha kweli kitashuka 10 kamili, cha uongo kitashuka zaidi.

Kuhusu umbali, kama unalenga soko la Marekani, kikomo cha FCC (mamlaka ya mawasiliano ya huko) kwa kilohezi 125 ni 2400 gawa kwa 125, yaani mikrovolti 19.2 kwa mita, na kimewekwa kwa umbali wa mita 300. Unaruhusiwa kupima karibu zaidi na kuhamisha matokeo kwa desibeli 40 kwa kila mara kumi ya umbali, kwa hiyo mita 3 hadi 300 ni desibeli 80. Koili yako kwa kweli inashuka karibu na 60 ikiwa kwenye uga wa karibu, hivyo kanuni ya 40 inakubana. Ukiona umekosa kidogo, pima kwenye umbali mbili au zaidi kwenye mstari mmoja upate mteremko halisi. Hilo nalo linaruhusiwa. Chunga pia vizio: antena inapima uga wa sumaku, kikomo kimeandikwa kwa volti kwa mita, na daraja kati yao ni desibeli 51.5. Nimeona ripoti ambayo daraja hilo liliongezwa mara mbili.

Chumba hakijakatazwa moja kwa moja. FCC wanakikubali kama maabara imeonesha kwamba matokeo yake yanalingana na ya uwanja wa wazi, na kiwango cha kimataifa cha CISPR 16-1-4 sasa kina njia ya kukagua eneo kuanzia kilohezi 9 kwa jozi ya vitanzi. Waombe karatasi hiyo, na uangalie kama walipima kitanzi katika pande zote tatu. Koili ya kisoma kadi chako ikiwa imelala, namba za kitanzi kilicholala ndizo uzisome kwanza. Wakisema hawana, waombe nusu saa ya chumba uende na kitanzi chako cha betri, ambacho tayari umekipima uwanjani.